Yohane wa Msalaba: giza alilopitia lilikuwa sonona, mateso ya wenzake, au kazi ya Mungu?

#1 MlimaMweupe
Wakuu, habari za Jumapili.

Kikundi chetu cha kusoma hapa Moshi mjini kimegawanyika, ubishi tumetoka nao kanisani hadi stendi, kwa hiyo naleta hapa. Tunasoma maisha ya Yohane wa Msalaba, Mkarmeli (mtawa wa shirika la Karmeli) wa Hispania aliyezaliwa 1542 na kufariki 1591. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 alikamatwa Avila, akapelekwa Toledo na kufungiwa kwenye kijichumba chembamba kisicho na dirisha. Mwanga uliingia kwenye upenyo wa vidole vitatu karibu na dari. Ili asome sala zake ilibidi apande juu ya kibao na kukiinua kitabu kuelekea ule upenyo. Chakula ni mkate, maji na dagaa. Siku ya viboko anatolewa hadi ukumbi wa kulia, anapiga magoti sakafuni, wenzake wanamzunguka na kumcharaza. Alikaa hivyo karibu miezi tisa.

Humohumo akatunga beti za mapenzi. Bibi arusi anamtafuta mpenzi wake milimani na kando ya mito, anaviuliza vichaka kama amepita. Baadaye akaja kuandika juu ya usiku ambao roho huupitia, na maneno hayo yananukuliwa mpaka leo.

Mmoja wetu anasema mtu huyu alikuwa na sonona na sisi tumeipamba. Mwingine anasema giza lile ni Mungu mwenyewe. Mimi nasema ni binadamu waliomtesa, na mateso yakamfungua kinywa. Nyie mnaonaje?

#2 KahawaChungu
Hapo hakuna fumbo. Hispania ya wakati ule ilikuwa na lile Baraza la kuwahukumu wazushi. Walimfunga kwa mafundisho yake, basi. Mtu yeyote aliyezungumza na Mungu bila kupitia kwa wakubwa alikuwa mashakani.

#3 FrateriZamani
Hapana, #2. Waliomfunga ni Wakarmeli wenzake, ndani ya nyumba ya Wakarmeli.

Twende taratibu. Mwaka 1567 alikutana na Teresa wa Avila, sista Mkarmeli, mjini Medina del Campo. Mama ana miaka 52, kijana ana 25, padre mpya kabisa, na alikuwa anataka kuhamia kwa Wakartusi akaishi kimya. Teresa akamwomba asubiri: anachokitafuta kinapatikana Karmeli kwenyewe ikirudi kwenye kanuni yake ya zamani. Tarehe 28 Novemba 1568 wakaanzisha nyumba ya kwanza ya wanaume Duruelo, kibanda cha shambani. Hao ndio waliokuja kuitwa Wakarmeli Peku.

Shirika likaona linamegwa. Mkutano mkuu wa Piacenza, Italia, mwaka 1575 ukaamua kuwabana. Upande wa pili mfalme Filipo wa Pili aliyataka mageuzi, na balozi wa Papa aliyekuwepo naye aliyaunga mkono. Balozi huyo alifariki Juni 1577, akaja mwingine asiyewapenda. Desemba Yohane akakamatwa. Wakamtaka ayakane mageuzi, akakataa. Kwa sheria za shirika lao alikuwa mwasi, na adhabu ya mwasi ilikuwa imeandikwa.

Wanaoyatilia shaka maandiko yake wakayapeleka kwenye Baraza baadaye. Vitabu vyake vilichapwa mara ya kwanza 1618, yeye keshalala, na *Wimbo wa Kiroho*, zile beti za bibi arusi, ukaachwa nje.

#4 MamaKihamba
Mnazungumzia familia ya watawa, ya kwake mmeiruka. Baba yake, Gonzalo de Yepes, alitoka ukoo wa wafanyabiashara wa hariri wa Toledo. Akampenda Catalina Álvarez, binti maskini mfumaji, akamwoa. Ndugu wakamtenga. Kwetu tungesema kanyimwa kihamba, shamba la ukoo, na mlango ukafungwa. Mwanaume aliyezoea kuhesabu mali akakaa kwenye kitanda cha kufumia nguo pamoja na mkewe, akajifunza kazi ya mikono. Akafariki Yohane akiwa mtoto mdogo sana. Catalina akawabeba watoto kwenda kuomba msaada kwa ndugu wa mume, wasimpe cha maana. Mmoja wa wale watoto, Luis, akafa.

Sasa mtoto anayekua akijua kwamba baba yake aliacha kila kitu kwa sababu ya kumpenda mama yake, mnashangaa vipi akiandika mapenzi? Na angalieni alikofungwa: Toledo, mji uleule wa ukoo uliomkataa baba. Mimi naamini mle ndani aliikumbuka hadithi ya wazazi wake kuliko kitu kingine chochote. Bibi arusi wa mashairi yake anatoka nyumbani usiku bila kuaga mtu. Catalina na Gonzalo nao hawakupewa baraka.

#5 MangiWaRau
FrateriZamani, wewe umeiacha seminari, seminari haijakuacha.

Niongeze dogo: alikuwa mfupi sana. Husimuliwa kwamba Teresa alipopata wanaume wawili wa kuanza nao, akasema kwa furaha amepata mtawa mmoja na nusu. Nusu ndiye huyu tunayemjadili.

#6 NesiWaZamu
Salaam. Mimi nafanya kazi wodini na hili la sonona nalibeba kwa uzito, siyo kumdhalilisha mtakatifu.

Mtu akipoteza raha ya vitu vyote, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, anajiona hafai, mawazo ya kufa yanamjia, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili au zaidi, huo ni ugonjwa. Unatibika. Nimewaona akina mama wanaletwa wamechelewa kwa sababu kila aliyewatembelea aliwaambia "Mungu anakujaribu, vumilia". Yohane afungwe gizani miezi tisa, apigwe, ale dagaa: mwili wowote ungeanguka. Kwa nini tunaogopa kusema aliumwa? Mtakatifu huumwa malaria na tunakubali.

Halafu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa wagonjwa. Ujanani Medina alihudumu katika hospitali ya watu wenye vidonda vya kaswende na kuwakusanyia sadaka mitaani. Angenielewa.

#7 FrateriZamani
NesiWaZamu, angekuelewa kuliko unavyodhani, maana swali lako aliliuliza mwenyewe.

Katika *Usiku wa Giza*, kitabu cha kwanza, sura ya tisa, anatoa ishara tatu za kumtambua mtu aliyeingizwa gizani na Mungu. Ya kwanza, haoni raha katika mambo ya Mungu, wala haoni raha katika kitu kingine chochote. Hapo anakiri wazi kwamba hali hiyo inaweza kuletwa na huzuni ya mwilini, ile waliyoiita melankolia. Ndiyo maana anadai ishara ya pili: mtu huyo anamhangaikia Mungu kwa uchungu, anaogopa kwamba hamtumikii, anadhani anarudi nyuma. Mwenye melankolia peke yake, anasema, huishia kwenye kinyaa tu bila ile shauku ya kumtumikia. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kwa kutumia mawazo na picha kama zamani, hata akijitahidi vipi.

Tena anaongeza kwamba vitu viwili vinaweza kukaa pamoja: ugonjwa upo na Mungu anafanya kazi yake ndani yake. Huyo ni mtu wa karne ya 16.

#8 NesiWaZamu
Ishara ya pili hainitoshi. Wagonjwa wangu walioshika dini ndio hasa wanaolia kwamba wamemkosea Mungu na hawafai. Hiyo shauku yenye uchungu naiona wodini kila wiki. Nikiisoma orodha yake naona wengi wa kupelekwa kwa padre ambao walipaswa kupelekwa kliniki kwanza.

#9 NgarenaroKwetu
Assalaam alaykum na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenyewe. Naandika kutoka Arusha, mimi Muislamu, na mada hii inanihusu.

Mwaka 1933 msomi wa Hispania, padre Mkatoliki aitwaye Miguel Asín Palacios, alitoa makala akimlinganisha Yohane na Ibn Abbad, sufii aliyezaliwa Ronda, Andalusia, na kufariki Fez mwaka 1390. Ibn Abbad alizifafanua Hikam (semi za hekima) za Ibn Ata Allah, ambamo kuna qabdh, kubanwa kwa moyo, na bast, kukunjuliwa. Kubanwa ni usiku, kukunjuliwa ni mchana, na mja hupata usikuni faida asiyoipata mchana, kwa sababu mchana nafsi inajichotea fungu lake la furaha. Hayo yaliandikwa karne mbili kabla ya Yohane. Baadaye Luce López-Baralt, msomi wa Puerto Rico, ameendeleza hoja hiyo kwa mifano mingi.

Granada ilitekwa 1492. Yohane alikuwa mkuu wa nyumba ya Wakarmeli hukohuko Granada kuanzia 1582, jirani na kasri ya Alhambra. Wajukuu wa Waislamu walikuwa bado wanaishi Hispania. Kwa hiyo MlimaMweupe, ongeza jibu la nne: alirithi lugha ya usiku kutoka kwa majirani ambao nchi yake ilikuwa inawafukuza.

#10 FrateriZamani
Karibu, ndugu yangu. Hoja naiheshimu, ila tarehe zinaikaba. Beti thelathini na kitu za kwanza za *Wimbo wa Kiroho* alizitunga Toledo mwaka 1578, kabla ya Granada. Na hakuna hati inayoonyesha kwamba alisoma Kiarabu.

Chemchemi iliyo wazi ni Wimbo Ulio Bora, kitabu cha Biblia chenye bibi arusi na mpenzi wake. Alisoma Salamanca kuanzia 1564, wakati Luis de León akifundisha palepale. Huyo alifungwa 1572 hadi 1576, na hapo kweli ni Baraza la #2, moja ya makosa yake likiwa kuufasiri Wimbo Ulio Bora kwa Kihispania. Sasa mwone Yohane anapokata roho Úbeda, usiku wa kuamkia 14 Desemba 1591. Ndugu wanaanza sala za wanaokufa. Anawaomba waziache, wamsomee Wimbo Ulio Bora.

#11 ChaliiWaMererani
Mimi si msomi ila kuna kitu chake nakijua kwa kichwa. Katika sala za Kanisa za tarehe 14 Desemba, sikukuu yake, kuna somo kutoka kwenye ufafanuzi wa *Wimbo wa Kiroho*. Anasema Kristo ni mgodi wenye vyumba vingi vya hazina. Watu wachimbe kwa kina gani, mwisho hawaufikii, na kila chumba kinawaonyesha mikanda (mishipa ya madini) mipya ya utajiri upande huu na ule.

Nimekuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, Mererani kabla ya kurudi Moshi. Chini kule tochi ikizima unakaa na giza ambalo hata mkono wako huuoni, vumbi la baruti kooni, unasikia mwenzako anapumua lakini humwoni. Unanyoosha kiganja unaupapasa mwamba kujua mkanda umekwendea wapi. Kiganja kinaujua kabla ya jicho. Katekista aliponisomea lile somo nilimwambia mtu huyu alishawahi kuingia shimoni. Akanieleza habari za Toledo.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba giza lake ni ugonjwa. Mtu aliyechanganyikiwa hapapasi mkanda.

#12 MamaKihamba
ChaliiWaMererani umenigusa. Mungu akubariki.

#13 MlutheriMachame
Tuliokulia Machame hatukufundishwa kuomba kwa watakatifu, lakini jambo lenyewe tunalijua. Martin Luther alipitia vipindi vya hofu na kuachwa, akaviita majaribu, na akafundisha kwamba bila hivyo hakuna anayeielewa Biblia vizuri. Ndiye pia aliyechapisha *Theologia Deutsch* mwaka 1518, kitabu cha Wajerumani wa kale waliozama katika sala. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna "lakini nitamsifu" mwishoni. Ipo kwenye Biblia ya kila dhehebu.

Swali langu kwa Wakatoliki: kwa nini mnahitaji ngazi na hatua? Yohane anagawa usiku wa kwanza, usiku wa pili, wa hisi, wa roho. Mtu anayelia hajui yuko darasa la ngapi.

#14 UpakoArusha
Bwana asifiwe. Nawasoma tangu juu na ninahuzunika. Mungu wetu anasema leo, anaonyesha maono leo. Yoeli 2:28: wazee wataota ndoto, vijana wataona maono. Mtu wa rohoni akikaa miaka gizani, kuna mlango umefungwa, na unafunguliwa kwa maombi na kufunga. Msiwafundishe watu kulizoea giza.

#15 FrateriZamani
UpakoArusha, Yohane ana neno zito hapo, na kwangu ndilo muhimu kuliko yote aliyoandika.

Katika *Kupanda Mlima Karmeli*, kitabu cha pili, sura ya 22, anauliza kama mtu wa leo anaruhusiwa kumwomba Mungu maono na ufunuo. Anajibu kwamba Mungu alipotupa Mwanawe, aliye Neno lake, alitwambia yote kwa mkupuo, hana lingine la kuongeza. Anayetaka maono zaidi anakuwa kama anamkosea Mungu kwa kutomkazia macho Kristo peke yake. Hakatai kwamba maono hutokea. Teresa mwenyewe aliyapata mengi, na Yohane alikuwa muungamishi wake. Anasema usiyatafute, usiyashike, na yakija yaache yapite, maana kama ni ya Mungu yameshafanya kazi yake bila wewe kuyang'ang'ania.

Angalieni mji wetu. Kila wiki kuna bango jipya la mtu aliyeonyeshwa jambo. Watu wanauza ng'ombe kwa ajili ya kuambiwa ndoto. Kitabu hiki kingesomwa katika jumuiya kila Kwaresima, wengi wangepona mfukoni na moyoni.

#16 UpakoArusha
Bango la tapeli halifuti Yoeli. Paulo alinyakuliwa hadi mbingu ya tatu na akaandika, hakuambiwa aache ipite.

#17 MangiWaRau
Na akapewa mwiba mwilini palepale, akaomba mara tatu uondolewe, haukuondolewa. 2 Wakorintho 12. Endeleeni.

#18 Teresia_wa_Kibosho
Samahani nawachepusha. Mimi ni Teresia, mama alinipa jina kwa ajili ya "Mtakatifu Teresia", hakuniambia yupi. Huyu wa Avila ndiye Mama Teresa wa masista wenye sari?

#19 FrateriZamani
Hapana, dada. Wa Avila, 1515 hadi 1582. Wa Lisieux, Ufaransa, "Teresia wa Mtoto Yesu", 1873 hadi 1897. Wa Kalkuta, huyo wa masista wenye sari, 1910 hadi 1997. Yupo pia Edith Stein, Myahudi mwanafalsafa aliyebatizwa, akawa Mkarmeli kwa jina la Teresia Benedikta wa Msalaba, akauawa Auschwitz 1942. Kitabu chake cha mwisho kilimhusu Yohane huyuhuyu. Kama mama yako alikuwa na picha ya sista mwenye mawaridi, wako ni wa Lisieux.

La pembeni: wa Avila alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na kesho yake ikawa tarehe 15, kwa sababu kalenda mpya ya Papa Gregori wa 13 ilianza usiku huohuo.

#20 Teresia_wa_Kibosho
Mawaridi, ndiyo! Asante sana.

#21 MamaKihamba
Wa Kalkuta mnamtaja na kumpita. Barua zake zilitolewa kitabu mwaka 2007. Karibu miaka hamsini hakuhisi uwepo wa Mungu, na muda wote huo anaamka, anasali, anawaogesha wanaokufa. NesiWaZamu, huyo unampeleka kliniki?

Mdogo wangu alimzika binti yake. Tangu hapo jumuiya ikisalishwa kwake anapanga mabenchi, anachemsha chai, rozari ikianza anaishika mkononi na midomo haichezi. Niliwahi kumuuliza. Akasema, "Dada, sina neno, ila sitaki waisali kwingine." Padre mmoja akamwambia hana imani. Nilitamani awepo mtu kama Yohane amwambie kitu kingine.

#22 NesiWaZamu
Shikamoo mama, pole sana kwa msiba ule. Mdogo wako namwomba aje aonwe, na hapohapo asinyang'anywe rozari. Anakula? Analala? Kama viwili hivyo vimepotea, usingoje.

Kuhusu Mama wa Kalkuta, mtu mwenye sonona kali hufika mahali mwili unagoma. Yeye aliongoza shirika la nchi nyingi. Nakiri hilo halikai vizuri kwenye vitabu vyangu. Lakini siwezi kufanya jambo la mmoja liwe kanuni ya wodi nzima.

#23 MlimaMweupe
Nimewafuata wote. Naona tunachanganya mambo mawili. Shairi la usiku lina beti nane, na wengi wanaona alilitunga baada ya kutoroka. Ndani yake hakuna kilio hata kimoja! Msichana anatoka kwa siri, nyumba imetulia, taa yake ni moto wa moyoni, na anauita usiku ule mzuri kuliko alfajiri. Vitisho vyote viko kwenye ufafanuzi wake, *Usiku wa Giza*, alioandika miaka iliyofuata, tena aliishia mwanzo wa ubeti wa tatu akauacha.

Na kutoroka kwenyewe, Agosti 1578: alilegeza skrubu za komeo kidogokidogo alipotolewa kumwaga ndoo, akachana mablanketi akayaunga, akateremka dirishani juu ya mto Tagus. Masista Wakarmeli wakamficha, naye akawasomea beti alizotunga. Mtu aliyelegea hapangi hivyo. Ndiyo maana nasisitiza walimtesa binadamu, na yeye alibaki na akili timamu na furaha yake.

#24 KahawaChungu
Basi kwa nini akateswa tena mwishoni na Peku wenzake aliowaanzishia? 1591 walimvua vyeo, wakakusanya tuhuma dhidi yake. Akaugua mguu, akachagua kutibiwa Úbeda kwa sababu hawakumjua, mkuu wa nyumba akamnung'unikia gharama. Mwaka huohuo ndio anaandika barua kwa sista: pasipo na upendo, weka upendo, utavuna upendo. Ukisema ni siasa za shirika, zilimwandama maisha yote. Siasa hazielezi barua hiyo.

#25 MlutheriMachame
Hapo #24 umesema.

#26 NgarenaroKwetu
FrateriZamani, ulinijibu tarehe, hukunijibu mifano. Yohane anaandika sifa tano za ndege mpweke: hupaa juu kabisa, havumilii mwenzi, huelekeza mdomo upande wa hewa, hana rangi maalumu, huimba kwa upole. López-Baralt ameonyesha ndege wa namna hiyo kwa masufii, akiwemo Suhrawardi. Ndege asiye na rangi maalumu si kitu cha kubuniwa na watu wawili kwa bahati.

#27 FrateriZamani
Ni Zaburi ya 102, aya ya 7: shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Yohane mwenyewe anaitaja anapomweleza ndege huyo.

#28 NgarenaroKwetu
Zaburi imempa ndege na paa. Rangi na mdomo unaofuata hewa vimetoka wapi? Nakusubiri, na sijaondoka.